Tone la Kioo

Baada ya misa, Veneranda alikuwa akigawa maandazi kwenye ukumbi wa kanisa pale Skärholmen, ughaibuni, kidani chake kikachomoza nje ya sweta. Kilikuwa tone la kioo cha buluu, na ndani yake vumbi jeupe limejisokota kama moshi.

"Hee, mwenzangu! Humo ndani umetia nini?" aliuliza rafiki yake.

Lilikuwa jivu la marehemu mumewe. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba achomwe. Lakini akina mama wa hapo kanisani, rafiki yake akiwemo, walishasema kumchoma maiti ni kumtupa kama takataka, na Veneranda akaitikia kwa kichwa pamoja nao.

"Mchanga tu," alisema. "Wa ufukweni."

"Basi niazime, Jumamosi nina harusi."

Wao huazimana hata vitenge vya sherehe. Mchanga tu, atamnyimaje? Vidole vyake, vyenye mafuta ya maandazi, viliteleza na kuteleza kwenye kifungo mpaka kikaachia.

Rafiki yake alikivaa, akakipapasa, akacheka.

"Mbona kina joto hivi, kama mtu?"

Veneranda aliinamia sinia.

"Chukua andazi jingine," alisema.