Kiha cha Elieth

"Kuna wakili anayejua Kiha humu ndani?" mwenyekiti wa baraza la ardhi aliuliza.

Elieth akainamia faili. Alizaliwa Kumsenga, na mama yake alilima kibarua kwenye mashamba ya mihogo ya watu mpaka yeye akavaa joho la uwakili. Lakini chuoni walimcheka matamshi, akajifunza kusema kwamba Kiha hakijui.

Akaitwa karani mgeni, aliyeokoteza maneno mawili matatu ya Kiha sokoni.

Elieth alimtetea mfanyabiashara wa Kasulu. Aliyedai kurudishiwa shamba lake alikuwa bibi kizee wa Kagerankanda, ambaye miguu yake ilisuguliwa sana asubuhi ile, lakini udongo mwekundu haukutoka kwenye nyufa za visigino.

"Shamba nilimwazima alime misimu miwili tu," bibi alisema kwa Kiha.

"Anasema alimpa shamba," karani akatafsiri.

Mfanyabiashara akatabasamu. Mwenyekiti akaandika.

"Wakili, una swali?"

Elieth akasimama. "Sina swali, Mheshimiwa."

Bibi hakuelewa Kiswahili kile. Alichoona ni binti aliyekataa kumsumbua. Alipokuwa akirudi kitini, akamshika Elieth mkono.

"Asante, mwanangu," alimwambia kwa Kiha. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi," Elieth akaitikia, kwa Kiha kile kile cha Kumsenga, kabla hajauwahi mdomo wake.

Kalamu ya mwenyekiti ikasimama.