Fundo la Sanduku

Kitu cha kwanza Mwanatatu alichokiona kibarazani kwa Bi Mwanamkasi, kule Likoni, kilikuwa fundo. Sanduku la safari lilizungushwa kamba ya katani, na kamba ikaishia kwenye fundo nene, limesokotwa mara mbili, ncha yake imefichwa chini. Alilikodolea macho hata akaulizwa kama kwao Mishomoroni hakuna masanduku.

"Hulifunga mume wangu mwenyewe," Bi Mwanamkasi aliwatangazia wenziwe. "Ishaka ni ofisa bandarini. Usiku meli hazipakuliwi bila yeye. Nusu ya wiki nalala peke yangu, lakini cheo ndicho hicho."

Walikuwa wanawake watano wa safari ya Dubai, na kiongozi wao alikuwa yeye, kwa sababu alikwisha kwenda mara moja. Aliyepanda ndege mara moja hujiona rubani. Aliwafunga wenziwe mikanda, akamkemea mhudumu kwa chai kupoa, na walipotua akatangulia mbele kama aliyeujenga ule mji. Wenziwe wakamfuata. Akicheka, wakacheka. Jana yake walikuwa wakinunua mafuta ya taa kwa chupa. Leo hoteli haikuwa ya hadhi yao.

Kila kundi la safari hutafuta mtu wa kudharau, ili wengine wajue walipo. Mwanatatu, mdogo wao, aliyeongezwa na wakala siku za mwisho, mwenye sauti isiyofika mlangoni, akawa ndiye. Akabebeshwa mikoba. Akalazwa sakafuni.

"Nani kakulipia nauli?" Rispa wa Changamwe alimwuliza mbele ya wote.

"Mume wangu."

"Kazi yake?"

"Yuko bandarini."

"Kuli," alisema Bi Mwanamkasi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mwanatatu alikuwa amekuja kwa jambo moja tu: kujichagulia vitambaa vya kuanzia kibanda chake cha ushoni. Asubuhi ya kwenda sokoni ilipofika, amri ikatoka.

"Wewe utabaki kulinda mizigo. Vitambaa vyako tutakuchagulia sisi."

Alijua atachaguliwa masalio.

Lakini msafara nao haukutoka. Bi Mwanamkasi alikuwa bado na gauni alilosafiria, tena alilolalia, maana fundo lilikataa kufunguka. Rispa alivunja ukucha. Mwengine akalitia meno. Aliyesema kamba ikatwe alitazamwa kama mwizi.

"Kamba aliyoifunga mume haikatwi safarini," alisema Bi Mwanamkasi, jasho likimtiririka. "Na fundo hili, wallahi, halijui mtu duniani. Ni langu mimi na Ishaka."

"Lako, na mbona halikujui?" Rispa alinong'ona, kisha akajifanya anakohoa.

Mwanatatu akaitua mikoba ya watu. Akapiga magoti mbele ya sanduku. Badala ya kuivuta ile ncha, aliisukuma ndani, akaizungusha kidogo. Kamba ikalegea, ikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyecheka.

"Umefunzwa na nani wewe?" Bi Mwanamkasi aliuliza.

Jawabu alikuwa nalo tangu kibarazani Likoni. Mwanatatu akasimama, akajitanda mtandio wake wa kutokea, akamtazama bibi yule machoni kwa mara ya kwanza.

"Ndivyo anavyotufungia chandarua," akasema, "zile siku unazolala peke yako."