Upande Uliolika

"Mimi fimbo hii hata kuishika sijui, shemeji," mume wa dada alimchekea fundi viatu, mara yake ya kwanza, kwa maneno yake, kuingia ukumbi wa biliadi.

Akapaka chaki kwenye ncha ya fimbo, akapuliza, kisha akairudisha chaki ukingoni, upande uliolika juu, isichafue kitambaa cha meza.

Fundi viatu akaganda. Adabu hiyo yeye aliipata kwa makofi ya Mzee Kobe, mwenye meza, enzi zile yeye mwenyewe akicheza kamari hapa. Wageni wa mchezo wote huifudikiza chaki.

Mipira ikatawanyika kwa kishindo. Miwili ikazama mashimoni.

"Bahati tu hiyo!" mume wa dada akasema.

"Eti shemeji, ile cherehani ya dada iliyoibwa. Ulisema mwizi aliingilia dirisha gani vile?"