Mlango wa Zamda

Gari la Kibwana lilipinduka mtaroni likajikunja kama chapati. Mafundi walilikunjua, na sasa lilisimama mbele ya mkaguzi Shomvi, maana bila stika yake halirudi barabarani. Ndani alikaa Zamda, mke wa Kibwana, yule yule aliyemkataa Shomvi alipomposa.

Shomvi alitafuta kosa kwa uroho wa fisi. Breki nzima. Taa nzima. Kijicho kikamsukuma hadi mlango wa abiria.

"Zamda, fungua mlango wako kwa ndani."

Zamda hakugusa kitasa. Shomvi akang'aa uso.

"Haufunguki! Gari limefeli!"

"Subiri kwanza, Shomvi," Zamda alicheka. "Tangu ajali, mume wangu ndiye hunifungulia. Mlango umeshapona, ila mimi nimenogewa."

Akavuta kitasa kwa kidole kimoja, mlango ukafunguka kimya kama kope.

Shomvi aliufunga. Akaufungua mwenyewe, taratibu, kwa adabu zote, kisha akaufunga tena. Magari ya nyuma yalipiga honi mpaka kunguru wakahama mji.

"Bwana mkaguzi, kuna kosa?" Kibwana aliuliza kutoka kwenye usukani.

Stika ikimlowa jasho kiganjani, Shomvi akamfungulia Zamda tena.