Kiatu cha Juu ya Kabati

Nesi alikitoa kiatu kwenye mfuko, akamwekea fundi viatu wa mwisho mtaani.

"Kimoja tu? Kingine umemwachia nani?" fundi akatania. Akakigeuza, akatikisa kichwa. Hakuujua mshono ule.

Jamani, mtu achoke vipi! Alikuwa ametoka zamu ya usiku, na usingizi ulishamhama tangu wamzike babu mwezi uliopita. Akifumba macho tu anauona ukoo mzima umening'inia kwenye soli moja iliyobanduka.

Hadithi ya kivuko nyumbani waliijua wote. Kilizama, hakupona mtu. Babu, karani mstaafu aliyependa kuwashonea viatu nyumba nzima kwa mkono wake, alikuwa akikitazama kile kiatu juu ya kabati na kusema, "Bila hicho, nyote msingekuwepo." Yaliyobaki walijijazia wenyewe: soli ilibanduka, fundi aliyepelekewa akajivuta, kivuko kikamwacha babu nchi kavu.

Na sasa nesi alikuwa na mimba yake ya kwanza. Hakutaka mtoto azaliwe kabla hajawaona watu wa yule fundi na kuwaambia ahsante. Roho yake ilikataa kabisa kutulia.

Akaenda kwa bibi.

"Leo siondoki mpaka uniambie fundi yule alikuwa nani."

"Kaa kwanza. Miguu imekuvimba kama mikate."

Akakaa, akavua viatu. Akakipachika kile cha babu mguuni pake, kikamkwamia kisiginoni.

"Bibi, babu na miguu yake ile mikubwa aliingiaje humu?"

"Ngozi ikilowa hunywea."

"Ikalowa wapi, na yeye hakupanda?"

Bibi alikivua kiatu mguuni mwa mjukuu wake, akaupitishia kidole mshono, polepole, huku na huku. Nesi akaanza kuona aibu kwa kumsumbua mjane. Lakini mdomo haukukaa.

"Niambie tu, bibi. Si ndiye aliyechelewesha kazi?"

"Nani kakwambia? Alifanya chapuchapu. Nilikwenda kumsihi mwenyewe, nikamwambia, fundi, mume wangu ataachwa na kivuko." Akakigeuza kiatu. "Hakuachwa. Alikiwahi."

Nesi akamkodolea macho.

"Maji yakakitupa kiatu hiki ufukweni. Fundi akautambua mkono wake, akaniletea mpaka mlangoni, analia kuliko mimi." Bibi akamwekea kiatu mapajani. "Nikamkaribisha ndani. Hakutoka tena mpaka mlipomzika mwezi uliopita."