Pua ya Armelle

Armelle aliinusa divai mara ya tatu, akaambulia patupu, kama amenusa maji ya bomba.

Mezani walimngoja. Muscadet, divai yao nyeupe, hainywewi kabla pua yake haijatoa ruhusa.

“Vipi, bibie, imechacha?” mumewe alimtania. “Au mafua yamekuibia pua?”

Armelle aligeukia sinia la magamba ya baharini. Chaza wabichi wa kuteremshia divai hiyo aliwafungua mwenyewe asubuhi, akinusa gamba moja moja ili amtupe aliyeoza. Kila Jumapili hutupa wawili watatu. Leo hakutupa hata mmoja.

“Mimi sikungoja ruhusa,” baba mkwe alicheka, majimaji yakimchuruzika kidevuni, akiweka gamba la kumi na mbili juu ya mengine. “Wa leo wana ukali kidogo, lakini wanateleza tu.”