Sauti ya Kustaafia

Mwanamke nisiyemjua alikuwa akiimba zizini wimbo wa kukamulia wa mke wangu. Nikatoka na panga. Nikamkuta mke wangu Tusekile mwenyewe, kidude kidogo kikimeta kooni mwake, maziwa yamemwagika, ng'ombe amejibanza ukutani.

"Weka panga, baba Lusajo. Ni mimi. Stesheni wamenipa sauti hii niijaribu wiki moja."

Miaka thelathini mke wangu ametangaza safari za treni, na sheria ni hiyo: mtangazaji akistaafu, sauti yake hubaki stesheni, naye hupewa nyingine. Tulishapanga kila kitu cha kustaafu kwake, kuku, migomba, paa jipya. Hili tulilikwepa.

Nikakumbuka enzi za uchumba wetu, akiniita kutoka ng'ambo ya mashamba ya chai, na vilima vikilirudia jina langu mara mbili.

"Ng'ombe kanikataa," alisema. "Na wewe ukaja na panga!"

Alijaribu kucheka, lakini sauti ile ilikuwa bado haijajua kucheka.

Nikaokota ndoo. "Kesho tutamwimbia sote wawili mpaka akuzoee. Na mimi ukiniita, mama Lusajo, nitaitika kwanza. Kuuliza ni nani, nitauliza baadaye."